SOMO: Kufuta programu usizotumia kwenye Ubuntu bila kuivunja mashine

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne kama `apt autoremove` (amri ya apt, kisakinishi cha Ubuntu, ya kufuta visivyohitajika tena) ni salama. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtupia hii.

1. Angalia nafasi: `df -h`. Kama shida ni diski kujaa, anza na `sudo apt clean`. Inafuta .deb (mafaili ya kusakinishia programu) zilizobaki /var/cache/apt/archives, programu haiguswi hata moja.

2. Ondoa usichotaka: `sudo apt remove jina`. Ukitaka na mipangilio yake ya /etc iondoke, `purge`.

3. SOMA ORODHA KABLA YA KUBONYEZA Y. Hapa ndipo nilipoungua. Nilitaka kubadilisha toleo la Python (lugha ya kuandikia programu), nikapiga `sudo apt remove python3 -y`, nikaenda kuinjika chai. Narudi, maandishi bado yanashuka. Nikawasha upya: skrini nyeusi, `login:`, na kishale kinapepesa. Sehemu nyingi za Ubuntu zenyewe zinategemea Python, kwa hiyo ubuntu-desktop ilikuwa imesombwa nayo. Kuirudisha kulikula usiku mzima na bando la wiki. Tangu siku ile `-y` siigusi kwenye kufuta. Ukiona ubuntu-desktop, network-manager au python3 kwenye vinavyoondoka, jibu ni N. Usijiambie "labda haina neno".

4. Sasa autoremove. Kila kifurushi (si cha bando) apt inakiwekea alama: umekileta mwenyewe, au kimekuja kimebebwa na kingine. Autoremove inafuta vilivyobebwa ambavyo hakuna tena anayevihitaji. Kama wewe unakitumia kila siku, hiyo haijui. Kwa hiyo igiza kwanza: `apt -s autoremove`. Hapo hakifutwi kitu. Ukikuta unachokihitaji, `sudo apt-mark manual jina`, ndipo uendelee.

MASWALI

kijana_wa_terminali: Mkuu nimepiga autoremove imefuta vitu, nifanyeje?

Vitu gani? Fungua `less /var/log/apt/history.log`, tazama mstari wa Remove, ndiyo uje.

Bi Kompyuta: Shikamoo fundi. Autoremove inataka kufuta kerneli (kiini cha mfumo) moja kati ya tatu. Nikikubali, si itawasha vibaya?

Marahaba. Umefanya vizuri kusoma kwanza. Ile inayotumika sasa haifuti, wala ile mpya kabisa. Piga `uname -r` ujue uko kwenye ipi, ulinganishe na orodha. Usizifute zote za zamani kwa mkono ili upate nafasi: kerneli mpya ikigoma kuwaka, ya zamani ndiyo unayoichagua kwenye menyu ya GRUB, ile ya wakati wa kuwasha mashine. Kama /boot yako (zinapokaa kerneli) ni patisheni, yaani kipande cha diski, ya peke yake, hapo ndipo hujaa haraka, kwa hiyo hiyo ya tatu iache iende.

mzee_wa_bando: Somo refu. Toa amri moja tu inayosafisha kila kitu.

Haipo. Ungekuwa umeshafika hatua ya 3.

Nahodha: Nyongeza: logu (kumbukumbu za mfumo) nazo zinakula diski. `sudo journalctl --vacuum-size=200M`. Mimi zilikuwa zimepita giga tatu.

Kweli, nilisahau. Na wanaotumia snap (njia nyingine ya kusakinisha programu): `snap list --all`, zilizoandikwa disabled ni matoleo ya zamani. Futa moja moja kwa `sudo snap remove jina --revision=namba`.

kijana_wa_terminali: Nimeiona logu mkuu. Ni maktaba mbili za VLC, na VLC niliifuta mwenyewe juzi.

Basi hakuna kilichoharibika.