Namna ya Kujua Kama Gari la Formula 1 Litaanzia Piti Baada ya Kufuzu

Usiku wa tarehe 9 Novemba 2025, baada ya isha, nililipia kahawa baraza nzima hapa Lamu, kwa kuwa nilikuwa nimeshikilia kwamba dereva wa Formula 1 Max Verstappen hana chake siku ile. Kwenye kufuzu, yaani shindano la kupanga nafasi za kuanzia mbio, alikuwa wa 16 huko São Paulo, Brazil, timu yake ikabadilisha setingi (marekebisho ya gari) na injini, akaanzia piti, ile njia ya pembeni yenye karakana za timu, na bado akamaliza wa 3. Sheria nilikuwa naijua. Kilichonipita ni hesabu yake.

Anza kwa kuangalia saa. Gari linapotoka piti kwa mara ya kwanza siku ya kufuzu, huhesabiwa limeingia pakiferme, neno la Kifaransa lenye maana ya egesho lililofungwa, na hukaa chini ya kufuli hiyo hadi mbio zianze. Wikendi zenye mbio fupi za Jumamosi zina utaratibu wake: tangu 2024 kufuli hufunguliwa mbio hizo zikimalizika, kisha hufungwa tena kufuzu kunapoanza. Mwaka 2023 nafasi hiyo haikuwapo, ndiyo maana kule Austin, Marekani, magari mawili ya timu ya Aston Martin na mawili ya timu ya Haas yalibadilishwa setingi na yote manne yakaanzia piti.

Kisha uliza ni kitu gani kilichoguswa. Upepo wa matairi unaweza kurekebishwa, breki zinaweza kutolewa hewa, na pembe ya kibao cha bawa la mbele inaweza kuongezwa au kupunguzwa. Ukimwona fundi ameinama kwenye pua ya gari akizungusha kifaa mfano wa bisibisi, usipige kelele, hiyo ni halali. Springi, kimo cha gari kutoka ardhini na bawa la nyuma haviguswi. Kifaa kilichoharibika hubadilishwa kwa idhini ya mjumbe wa ufundi wa FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, mradi kipya kifanane na cha zamani kwa muundo, uzito na kazi. Hata mkono mtupu una gharama: mwaka 2021, São Paulo hiyo hiyo, Verstappen alitozwa yuro 50,000 kwa kushika bawa la nyuma la gari la Lewis Hamilton.

Adhabu ya kubadilisha setingi ni kuanzia piti, yaani gari hungoja mwisho wa njia ya piti mpaka wenzake wote wapite. Kwa aliyefuzu wa 3 huo ni wazimu. Kwa wa 16 ni sekunde chache tu, na kwa kuwa tayari yuko nyuma, timu huchukua fursa hiyo hiyo kuweka injini mpya, ambayo siku nyingine ingemrudisha nyuma kwenye gridi, yaani safu ya magari ya kuanzia mbio. Mimi naiona hiyo kuwa bei zaidi kuliko adhabu, na timu huilipa kwa hiari.

Kwa hiyo Jumapili, kabla ya saa kumi alasiri ambapo mbio nyingi za Ulaya huanza kwa saa zetu, soma taarifa za FIA kwenye tovuti yake. Ikitajwa setingi ya springi, gari linaanzia piti. Vikitajwa vifaa vya aina ile ile vilivyobadilishwa kwa idhini, linabaki na nafasi yake.