Kutambua ishara za mkono kwa SVM kwenye laptopu ya kawaida, hatua kwa hatua

Kikundi cha wanafunzi hapa Wandegeya, Kampala, kiliniletea mradi wao: kamera ya laptopu inatazama mkono wa mwalimu, naye anageuza kurasa za somo ukutani bila kugusa kompyuta. Mezani kwao ulifanya kazi vizuri kabisa. Mwalimu mwenyewe aliposimama mbele ya kamera, mashine ikaanza kubahatisha. Tuliujenga upya pamoja. Ninaziandika hatua zenyewe kwa sababu ugonjwa huu nimeukuta kwenye miradi mingi ya vijana, na dawa yake huwa haitajwi mahali wanapojifunzia.

Ukijua Python ya kawaida inatosha.

Kwa nini SVM

SVM, yaani mashine za vekta tegemezi, hutafuta mpaka kati ya makundi mawili ya data, na katika mipaka yote inayowezekana huchagua ule unaoacha nafasi pana zaidi pande zote mbili. Chukua barabara inayopita kati ya shamba la migomba na shamba la kahawa: unataka iwe pana kadiri ardhi inavyoruhusu, na miti inayoamua upana wake ni ile michache ya pembeni. Hiyo ndiyo vekta tegemezi. Miti ya katikati ya shamba ungeing'oa na barabara isingesogea.

Vladimir Vapnik na Alexey Chervonenkis walianza kazi hii Moscow miaka ya 1960. Mwaka 1992 Boser, Guyon na Vapnik waliongeza keneli, hesabu inayouwezesha mpaka kupinda, na mwaka 1995 Cortes na Vapnik wakachapisha toleo linalovumilia sampuli chache kukaa upande usio wao. Hilo la 1995 ndilo tutakalotumia.

Vijana wengi wanataka kuanza moja kwa moja na mtandao wa neva (neural network) wenye tabaka nyingi. Kwa sampuli elfu chache, kila moja ikiwa na namba 40, mimi nasimama na SVM. Inafunzwa kwenye laptopu ya mtumba isiyo na kadi ya michoro, ina vigezo viwili tu vya kuhangaikia, na ikikosea unaweza kufuatilia sababu mpaka uipate.

Hatua ya 1: Sakinisha mara moja, gawana na wenzako

Tunahitaji mediapipe (inayotafuta nukta za mkono kwenye picha), opencv-python (ya kusoma kamera), scikit-learn (yenye SVM) na joblib (ya kuhifadhi modeli). Ziandike kwenye faili la mahitaji.txt. Kama mko kikundi na bando ni la kununua, mmoja apakue, wengine wachukue kwa flashi:

```
pip download -r mahitaji.txt -d pakiti
pip install --no-index --find-links pakiti -r mahitaji.txt
```

Hii inakubali iwapo kompyuta zenu zina mfumo endeshi mmoja na toleo moja la Python.

Hatua ya 2: Chagua ishara ambazo watu watakubali kuzionyesha

Hapa Uganda usiharakishe hatua hii. Gumba lililoinuliwa ni alama ya chama cha NRM, vidole viwili vya V vinajulikana kuwa vya chama cha FDC, na ngumi juu imebebwa na wafuasi wa vuguvugu la People Power. Ukimwomba mtu umrekodi akifanya mojawapo, hasa majira ya kampeni, atasita, na ana haki ya kusita. Sisi tulichagua kiganja wazi, kidole cha shahada juu, vidole vitatu, na gumba pamoja na kidole cha mwisho kama mtu anayepiga simu.

Kundi la tano ni la lazima: "si ishara". SVM haijui kusema "sijui". Ukiionyesha mkono unaokuna kichwa, itaupa jina mojawapo la yale uliyoifundisha. Kwa hiyo rekodi mikono ikishika kalamu, ikisogeza miwani, ikipita tu mbele ya kamera. Kundi hili liwe na vurugu nyingi kuliko mengine yote.

Na kama lengo lako ni lugha ya alama, simama kwanza. Katiba yetu ya 1995 inaitaka serikali ikuze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na lugha hiyo ina sarufi yake, ina uso, ina mwendo wa mwili mzima. Mikono iliyotulia mbele ya kamera ni kipande kidogo mno cha lugha hiyo. Kazi hiyo ianze na viziwi wenyewe mezani. Wasiitwe mwishoni kuja kupiga makofi.

Hatua ya 3: Rekodi

Watu kumi wanatosha kuanzia. Kila mtu, kila kundi, sekunde 20. Kamera ikitoa fremu 30 kwa sekunde, chukua moja katika kila tano. Utapata sampuli 120 kwa kila rekodi, na 6,000 kwa jumla ya watu kumi na makundi matano. Waambie wasogeze mkono polepole: karibu, mbali, kushoto, kulia, ukiinama kidogo. Rekodi mchana penye dirisha, na rekodi usiku chini ya balbu.

Omba ridhaa kwa maandishi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu hata kama wewe ni mwanafunzi. Mimi huhifadhi nukta za mkono na kufuta video. Hifadhi nukta ghafi, pamoja na upana na urefu wa picha, ili kesho ukibadilisha hesabu ya hatua inayofuata usirudi kuwasumbua watu. Weka kila kitu kwenye faili la CSV, na safu ya kwanza iwe namba ya mtu: M01, M02, na kuendelea. Safu hiyo ndiyo itakayokuokoa katika hatua ya 5.

Hatua ya 4: Geuza nukta ziwe vipimo

MediaPipe hukupa nukta 21 kwa kila mkono: nukta 0 ni kifundo cha mkono, 9 ni shina la kidole cha kati, 4 ni ncha ya gumba, 8 ncha ya kidole cha shahada. Ukizilisha SVM zilivyo, itajifunza mkono ulikuwa wapi kwenye picha badala ya kujifunza umbo lake.

```python
import numpy as np

def vipimo(nukta, upana, urefu, mkono):
    p = np.array([[n.x * upana, n.y * urefu] for n in nukta])
    p = p - p[0]
    if mkono == "Left":
        p[:, 0] = -p[:, 0]
    ukubwa = max(np.linalg.norm(p[9]),
                 np.linalg.norm(p[5] - p[17]))
    return (p[1:] / ukubwa).flatten()
```

Mstari wa kwanza ndani ya vipimo() wengi huuruka. MediaPipe hutoa x ikiwa imegawanywa kwa upana wa picha na y kwa urefu wake. Picha ikiwa ya 640 kwa 480, hatua moja ya x si sawa na hatua moja ya y, na mkono uleule ukilala badala ya kusimama hubadilika umbo. Zidisha kwanza, ndipo upime umbali.

Kisha tunahamisha kifundo kiwe sifuri, tunageuza mkono mmoja ufanane na mwingine, na tunagawa kwa ukubwa wa kiganja. Zinabaki nukta 20 zenye x na y, yaani namba 40. Nimeweka vipimo viwili vya kiganja, urefu na upana, na kuchukua kilicho kikubwa, kwa sababu vidole vikielekea kwenye kamera urefu wa kiganja hunywea na namba zote hulipuka.

Jina la mkono hutegemea kama picha imegeuzwa kama kioo au la. Ukiigeuza wakati wa kurekodi, igeuze na wakati wa kutumia. Nukta ya kina, z, mimi siitumii. Inayumba kuliko x na y, na kwa ishara zetu haikuhitajika. Mzunguko wa mkono nauacha ulivyo, maana kidole kinachoelekea juu na kinachoelekea chini vinaweza kuwa amri mbili tofauti.

Hatua ya 5: Gawa data kwa watu

Hapa ndipo mradi wa vijana ulipoanguka, na ndipo saa zako zitakapopotea usipokuwa makini.

Mazoea ni kuichanganya data yote kama karata, asilimia 80 ya kufunzia, 20 ya kupimia. Kwa video mazoea haya yanadanganya. Fremu ya 110 na ya 115 za mtu mmoja ni picha moja kwa vitendo: vidole vilevile, pembe ileile. Ukichanganya, moja inaenda kwenye mafunzo na mwenzake kwenye mtihani. Mashine haihitaji kuelewa kiganja wazi ni nini; inahitaji kukumbuka tu. Matokeo yanasoma karibu yote sahihi, kikundi kinafurahi, kisha anakuja mtu mwenye vidole vifupi au gumba linalopinda nyuma, na kila kitu kinaanguka.

Madhara hayaishii kwenye kipimo. Mtihani unaovuja huharibu pia uchaguzi wa vigezo. Keneli ya RBF, ambayo ndiyo tutakayotumia, ina kigezo gama kinachoamua kila sampuli itawale eneo kubwa kiasi gani. Gama ikiwa kubwa, kila sampuli hutawala duara dogo linaloizunguka yenyewe, na modeli hugeuka kuwa daftari la kumbukumbu. Mtihani unaovuja hulipa kumbukumbu, kwa hiyo utafutaji wako utachagua gama kubwa kwa furaha. Unapata modeli mbaya kwa sababu mbaya, na namba nzuri juu yake.

Dawa ni kumweka mtu mzima upande mmoja. Yuko kwenye mafunzo au kwenye mtihani, kamwe si kote kuwili. Kwanza watenge watu wawili kabisa, tuseme M09 na M10, usiwaguse mpaka mwisho. Wanane waliobaki wapite kwa zamu: saba wanafunza, mmoja anapima, mpaka kila mmoja apime mara moja. scikit-learn inayo tayari, inaitwa LeaveOneGroupOut.

Kuna mambo manne ya kuangalia hapa. Mtu aliyerekodi mara mbili, siku mbili tofauti, bado ni mtu mmoja. Mpe namba ileile. Usitazame wastani peke yake: chapisha alama ya kila mtu, na aliye chini kuliko wote ndiye wa kumshughulikia, nenda ukatazame nukta zake. Fremu ambazo MediaPipe haikuuona mkono uliokuwepo zihesabiwe kuwa makosa ya mfumo. Ukizitupa kimya kimya unajipa alama za bure, na mara nyingi ni zile za mwanga hafifu, ambazo watumiaji wako watakutana nazo umeme ukikatika. Na usawazishaji wa vipimo, StandardScaler, ufanyike ndani ya kila zamu. Ukiufanya kabla ya kugawa, wastani wa mtu wa mtihani umeshaingia kwenye mafunzo.

Alama zitashuka ukigawa hivi. Wanafunzi wangu waliziona wakadhani wameharibu kitu. Ndizo alama ambazo mwalimu angezikuta darasani.

Hatua ya 6: C na gama

```python
from sklearn.pipeline import make_pipeline
from sklearn.preprocessing import StandardScaler
from sklearn.svm import SVC
from sklearn.model_selection import GridSearchCV, LeaveOneGroupOut

modeli = make_pipeline(
    StandardScaler(),
    SVC(kernel="rbf", class_weight="balanced"))
chaguo = {"svc__C": [0.1, 1, 10, 100],
          "svc__gamma": [0.001, 0.01, 0.1, 1]}
tafuta = GridSearchCV(modeli, chaguo,
                      cv=LeaveOneGroupOut(),
                      scoring="balanced_accuracy")
tafuta.fit(X, y, groups=watu)
```

X ni vipimo vya watu wale wanane, y ni majina ya ishara, na watu ni namba zao, M01 hadi M08. C ni adhabu ya kukosea: kubwa, mpaka unajikunja kuifuata kila sampuli; ndogo, unatulia. Michanganyiko 16 kwa watu wanane ni mafunzo 128, nenda kanywe chai. Kwa makundi matano SVC, yaani SVM ya scikit-learn, hujenga mipaka kumi, mmoja kwa kila jozi, kisha hupiga kura.

Ukimaliza, soma n_support_, yaani idadi ya vekta tegemezi za kila kundi. Ikiwa karibu kila sampuli imekuwa vekta tegemezi, gama ni kubwa mno au majina ya data yako yamechanganyika. Sasa ndipo uwaite M09 na M10, mara moja tu.

Hatua ya 7: Itumie

Hifadhi kwa joblib, na uandike toleo la scikit-learn kando, maana faili hilo lifunguliwe kwa toleo lilelile. Kwenye video usitekeleze amri kwa fremu moja: weka majibu kumi ya mwisho, na amri ipite pale manane yakikubaliana. Ninaipenda njia hii kuliko probability=True, ambayo huongeza muda wa mafunzo na wakati mwingine uwezekano wake unapingana na jibu la modeli yenyewe.

Kwa ishara zenye mwendo, kama kupunga, unganisha fremu 15 ziwe safu moja ya namba 600. Hatua nyingine zote zinabaki.

Kazi nyingine zisizo za mikono

Makerere wametoa hadharani picha 1,295 za majani ya maharage, zilizopigwa kwa simu, katika makundi matatu: jani lenye afya, ugonjwa wa madoa pembe na ugonjwa wa kutu. Ni uwanja mzuri wa kujifunzia SVM: toa vipimo vya rangi na umbile la uso wa jani, au pitisha picha kwenye mtandao wa neva uliokwisha kufunzwa na uchukue namba zake za tabaka la mwisho, kisha lisha SVC ileile ya hapo juu. Sampuli zikifika makumi ya maelfu hama kwenda LinearSVC, yenye mpaka ulionyooka, kwa sababu muda wa SVC hukua kwa kasi kuliko data: ukiongeza sampuli mara mbili, muda huongezeka mara nne au zaidi.

Na ukienda kupiga picha zako mwenyewe, Masaka au Lira, andika jina la shamba kwenye kila picha kabla hujaondoka. Hapo shamba ndilo linalochukua nafasi ya mtu kwenye groups: majani ya mmea mmoja, yenye udongo mmoja na jua la saa moja, yanafanana kama zile fremu za video.