Sanduku la fundi makenika wa Tanga: kinunue hiki, kile kiache

Anayeanza kazi hukimbilia kuuliza seti ya vipande vingapi inamtosha. Chukua mfano wa seti ya vipande mia na kitu iliyo kwenye boksi la plastiki, utoe vichwa vidogo vya bisibisi, funguo za L na soketi za inchi. Kinachobaki ni vitu vichache, na humo soketi namba 12 na 14 (namba ni upana wa kichwa cha bolti kwa milimita) ndizo zitakazopasuka mapema, maana ndizo zinazoshikwa kila siku. Afadhali kununua kidogo kidogo kwa kufuata bolti unazokutana nazo. Utaratibu huu unamfaa fundi anayeshika gari ndogo za Kijapani, Hiace na Noah, na mara mojamoja anaitwa Sahare au Deep Sea kuangalia injini ya boti.

Hatua ya 1: Jua bolti zako

Kabla hujaenda dukani, andika namba unazofungua kwa wiki nzima. Kwenye Toyota zitajirudia 8, 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya nati za matairi. Wajapani wana vichwa vyao: bolti ya M6, yaani yenye uzi wa milimita 6, ina kichwa cha 10, M8 cha 12, M10 cha 14. Gari za Ulaya zinaweka 13 kwenye M8, na 16 au 17 kwenye M10.

Namba 13 usiiache hata kama hushiki gari ya Ulaya. Bolti ya M8 inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi ina kichwa cha 13, kwa hiyo Toyota iliyopita mikononi mwa mafundi wengi utaikuta na 12 na 13 zimechanganywa kwenye bampa, kwenye sampo gadi (kinga ya chini ya injini), hata kwenye mabano ya altaneta.

Hatua ya 2: Soketi na racheti

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, tuende taratibu.

Anza na mraba wa 3/8 ya inchi, yaani tundu la soketi linaloingia kwenye racheti (mpini wenye meno), si nusu inchi. Nusu inchi ni nzito, haipenyi nyuma ya injini, na kwa bolti ya 10 inakufanya uikate bila kujua. Robo inchi itakuja baadaye, kwa kazi za dashibodi na klipu. Ukiwa na 3/8 kuanzia 8 hadi 19, sehemu kubwa ya gari dogo umeimaliza.

Chukua za pembe sita. Za pembe 12 zinashika karibu kabisa na kona ya kichwa, na mjini kwetu kona ndizo zinazoliwa kwanza. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, na bolti za eksozi na za chini ya gari zinapungua kidogo kidogo. Bolti ambayo pembe sita ingeitoa, pembe 12 inaigeuza duara. Ikishakuwa duara unaingia kwenye tindo na kuchomelea, na kazi ya dakika kumi inakula mchana wote.

Nenda dukani na bolti tatu safi mfukoni: kichwa cha 10, cha 12 na cha 14. Vika soketi, izungushe kwa vidole kushoto na kulia. Mchezo mdogo ni wa kawaida, bila huo haitaingia. Ukiona soketi inatembea wazi kabla haijashika kichwa, irudishe. Mwenye venia, ile rula ya taya mbili, apime kutoka ubapa hadi ubapa: soketi ya 12 ikisoma zaidi ya milimita 12.3, hiyo si ya kazi, hata iwe inang'aa vipi.

Kisha angalia mdomo. Soketi nyingi za bei ya chini zimechongwa ndani kwa mteremko mrefu ili ziingie kwa urahisi, na mteremko huo haushiki kitu. Bolti yenye kichwa kifupi inaishia mle mle kwenye mteremko, unaona soketi imekaa kumbe imeshika milimita mbili tu. Chagua yenye mdomo ulio karibu na bapa. Angalia na unene wa ukuta pia: soketi nene haiingii kwenye tundu la rimu ya aloi, na ukilazimisha unachubua rimu ya mteja.

Soketi za inchi ndizo zinazodanganya watu. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo inakubali kichwa cha 12 na kuonekana kama imeshika. 9/16 ni 14.29, inapanda juu ya 14 bila shida, na hapo ndipo kona zinapokwenda. 3/4 ni 19.05, hiyo unaweza kuitumia kwa 19 bila madhara. Seti ikija na mchanganyiko, zitoe za inchi siku hiyo hiyo, uzifunge kwenye mfuko wake. Usiziache zilale safu moja na za milimita, maana mwanagenzi akiwa na haraka anachukua inayoingia.

Soketi ndefu huhitaji zote. 10, 12, 14 na 17 zinatosha, pamoja na ya plagi. Toyota nyingi za petroli zinazotembea hapa zinataka ya 16, yenye sumaku au raba ya kushika plagi. Ukienda kwenye boti, injini za Yamaha za zamani zinataka ya 21. Ekstensheni tatu, za milimita 75, 150 na 250, na kiungo kimoja cha kukunja.

Racheti ya meno 24 inataka nafasi ya nyuzi 15 ili ishike jino linalofuata, ya meno 72 inataka nyuzi 5. Nyuma ya injini tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ila racheti ya meno 72 ya bei rahisi meno yake ni membamba na hurukaruka ukiibana. Ukiwa na pesa ya moja nzuri tu, iwe ya 3/8 yenye meno 72, na ya nusu inchi usiinunue kabisa kwa sasa. Badala yake chukua breka baa, ule mkono mrefu usio na meno, wa milimita 600 hivi. Nati ngumu ilegeze kwa breka baa, kisha imalizie kwa racheti. Kuvika paipu kwenye racheti ni kuinunua mara mbili.

Soketi za mashine ya upepo ni nyeusi, za kromu molibdenamu. Zinazong'aa ni za kromu vanadiamu, ngumu lakini hazivumilii kugongwagongwa: zinapasuka, na kipande kinaruka usawa wa macho. Nunua nyeusi tatu, 17, 19 na 21. Anayeshika Fuso aongeze ya 41 na ya mraba ya 21, na akumbuke kuwa kwenye lori za Kijapani za zamani nati za matairi ya kushoto zina uzi wa kinyume. Tafuta herufi L kwenye stadi, ule uzi unaobeba nati, kabla hujaning'inia.

Maandishi ya «Chrome Vanadium» ubavuni hayathibitishi kitu, kila kiwanda kinaweza kuyagonga. Soketi za mtumba kutoka Japani, zenye alama ya KTC, TONE au Koken, zikiwa hazijapanuka mdomo, zichukue kabla ya seti mpya isiyo na jina. Zipime kwa bolti zile zile tatu.

Hatua ya 3: Spana

Za mkia (mdomo wazi) na ringi, 8 hadi 19. Namba 10, 12 na 14 nunua mbilimbili, maana moja inashika bolti na nyingine inafungua nati.

Ongeza spana ya mabomba ya breki ya 10, ile ringi iliyokatwa mdomo mmoja ili ipite kwenye bomba. Nati za bomba la breki ni laini na ndogo, na chini ya gari linalolala Raskazone au Chumbageni zimeshikana kwa kutu. Spana ya mkia inabana pande mbili tu, nati inateleza, bomba linajipinda, na sasa unatafuta bomba jipya kwa sababu ya spana moja.

Spana malaya moja ya inchi 10 inatosha. Ivute kuelekea upande wa taya linalotembea, mzigo ubebwe na taya lisilotembea. Kwa bolti yenye kutu usiitoe kabisa kwenye sanduku.

Hatua ya 4: Bisibisi

Skrubu za nyota kwenye kabureta, vifuniko vya silinda ya breki na injini za boti za Kijapani zina msalaba wa kipimo cha Japani, mara nyingi zina nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida inagusa kona na kupanda juu, ndiyo maana skrubu hizo zinachunika. Tafuta bisibisi ya Kijapani namba 2, Vessel ni nzuri, na ya kugonga kwa nyundo kwa skrubu zilizogoma. Bapa mbili, ndefu na fupi.

Hatua ya 5: Vitu vidogo

Plaizi ya kawaida, ya mdomo mrefu, na ya klipu za ndani na nje. Gripu moja, ile plaizi inayojifunga. Nyundo ya gramu 500 na ya raba. Funguo za L 3 hadi 10, fila geji (vibati vya kupimia nafasi ndogo), brashi ya waya, tochi ya kichwani, sumaku ya kuokotea. Ukitaka kujua kama plaizi ya kukata ni nzima, ifunge uielekeze kwenye jua. Mwanga ukipita kati ya meno, waya mwembamba hautakata.

Hatua ya 6: Sanduku

Unahitaji mawili. La gereji ni kubwa na halitoki. La safari ni dogo, maana sanduku lililojaa linafika kilo 25 na bodaboda hadi Pongwe haikubebei hivyo.

Kwa la gereji, sanduku la plastiki linapasuka bawaba na la bati jembamba linaoza chini. Mpe fundi wa kuchomelea akutengenezee la bati la milimita 1.5, lenye trei mbili za kunyanyua, lipakwe praima ndani na nje kabla ya rangi. Toboa matundu matatu ya milimita 6 chini, maji ya masika yakiingia yatoke. Liweke juu ya mbao, zege linatoa unyevu hata wakati wa kaskazi. Kufuli liwe la shaba.

Ndani usitandike sponji wala gunia la mkonge. Vyote vinanyonya unyevu na kuulaza chini ya spana. Tandika raba ya mati. Betri na maji ya betri yasikae karibu, mvuke wa asidi unavua kromu kwa wiki chache. Jioni futa kila kitu kwa kitambaa chenye oili safi. Oili iliyotoka kwenye injini ina asidi na masizi, hiyo mwachie mlango wa geti.

Chora umbo la kila spana kwenye trei kwa rangi. Kabla hujafunga boneti, trei ikiwa na tundu, kipo kitu juu ya injini.

La safari liwe turubai ya kukunja yenye mifuko: spana 8 hadi 17, racheti ya 3/8 na soketi zake, bisibisi mbili, plaizi, 21 ya matairi.

Hatua ya 7: Torki renchi, ya mwisho

Hii ni spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm (nyutoni mita). Ya nusu inchi, 40 hadi 200 Nm. Nati za matairi za Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm, bolti ya kumwagia oili ni karibu 37. Hiyo ya pili haiingii kwenye renchi hii, kwa hiyo ukipata nyingine iwe ya 3/8, 10 hadi 60. Sikia mlio mmoja, acha. Usiitumie kufungulia. Ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa ndipo uilaze, spiringi ikilala imebanwa inasoma uongo.