Jinsi ya kuisoma tabia yako na kuiingiza kwenye dizaini zako

Wengi tunavyoanza dizaini tunaingia Pinterest, tunakusanya kazi za wakubwa, tunaiga, ile rangi, ile fonti, ile nafasi nyeupe kubwa, na kazi inatoka safi kabisa ila ukiiweka kati ya nyingine ishirini hakuna atakayejua ni ya nani. Mimi naamini tunaiga sehemu siyo. Muonekano ni matokeo, kilichouzaa ni tabia ya yule mtu, kinachomkera, anavyoishi kwake, anavyowaangalia wenzake, na hiyo ndo ya kuisoma, halafu ukae chini na ya kwako. Ntawaeleza navyowaelekeza wadogo zangu wanaoingia kwenye hii fani.

Anza na kinachokukera. Usianze na unachopenda, maana unachopenda mara nyingi umekiona kwa mtu wiki iliyopita, ila kero ni yako mwenyewe. Mtazame Dieter Rams, dizaina Mjerumani wa vifaa vya nyumbani, kazaliwa Wiesbaden 1932, babu yake seremala na yeye mwenyewe akajifunza useremala, kwahiyo alishazoea kitu kilichotengenezwa kwa utulivu bila mapambo. Anaingia kampuni ya Braun 1955 anakuta redio za kipindi kile ni makabati ya mbao, makubwa, yamejaa nakshi. Mwaka uliofuata yeye na Hans Gugelot wakatoa SK4, redio na sahani ya santuri kwenye boksi moja, bati jeupe, mbao mbili pembeni, kifuniko cha plastiki unachoona mpaka ndani, vitufe vyote viko juu unaviona. Wajerumani wakaibatiza jeneza la Snow White, yule binti wa hadithi aliyelazwa kwenye jeneza la kioo, lakini baada ya hapo makampuni mengine yakaanza kuweka vifuniko vya namna ile. Nenda mbele mpaka 1987, kikokotoo cha ET66 alichofanya na Dietrich Lubs, vitufe vya duara vyenye mgongo kidogo, vya namba ni vyeusi, halafu cha sawasawa ni cha njano, jicho linaenda lenyewe. Na huyu mtu kwake Kronberg anaishi na shelfu zake mwenyewe, zile zinazoitwa 606 za mwaka 1960 ambazo mpaka leo zinauzwa. Yani hakuwa anaigiza utulivu kwa ajili ya ofisi, ndivyo alivyo, vurugu inamchosha kweli.

Sasa zoezi lako. Chukua karatasi uandike vitu vinavyokukera kwenye dizaini za kila siku, mabango ya barabarani, risiti, fomu za hospitali, kadi za harusi, programu ya benki kwenye simu, na usiandike tu "mbaya", andika kwa nini. Halafu kila kero igeuze iwe sheria ya kazi. Umeandika "maneno mengi mpaka namba ya simu siioni", basi sheria yako ni kwamba kile mtu anachokuja kukitafuta kionekane kabla ya kingine chochote. Ukipata sheria tatu unazoziamini kweli zinatosha kabisa kuanzia.

Ila usije ukadhani dizaina mzuri lazima awe mtulivu kama Rams, hapa ndo vijana wengi wanajiua vipaji vyao wenyewe. Mtu muongeaji, anapenda rangi, nyumbani kwake kuta zimejaa picha, akikaa kwenye kompyuta anatoa kazi nyeupe yenye fonti moja nyembamba kwa sababu kaambiwa huo ndo utaalamu! Mpe huyo mtu Ettore Sottsass amsome. Muitaliano, kazaliwa Innsbruck 1917, wa kusafiri, wa hisia nyingi, mwaka 1961 alienda India ikamgusa sana, akarudi akaumwa figo mpaka akalazwa California, na baada ya kupona akafinyanga seti ya vyungu alivyovipa jina la giza, kisha akaendelea kufanya vitu ambavyo unaviona kabisa vina furaha na uchungu ndani yake. Kwenye kampuni ya Olivetti ndo alikuwa anafanya mashine za ofisini, hata kompyuta ya Elea 9003 ya 1959 ni mkono wake, ila ofisi haikumtosha, kwahiyo 1969 yeye na Perry King wakatoa Valentine, mashine ya kutaipu nyekundu, ya plastiki, inaingia kwenye boksi lake unabeba unaenda nayo popote unapotaka kuandika. Akiwa na miaka zaidi ya sitini, wakati wengine wanastaafu, akakusanya vijana Milano wakaanzisha kundi la madizaina waliloliita Memphis, na 1981 wakaonyesha shelfu la Carlton, mbao zimeinama huku na huku, rangi kila upande, limefunikwa fomaika, ile ile ya meza za migahawa ya bei rahisi. Wapo waliolichukia. Mimi nalipenda kwa sababu lina mtu ndani yake, huwezi kulichanganya na la mwingine.

Kwahiyo hatua inayofuata, waulize watu watatu wanaokujua vizuri, mama, rafiki, mtu wa kazini, wakutajie jambo wanalokulaumu nalo siku zote. Usibishane, andika tu. Mara nyingi lawama na kipaji vinakaa chumba kimoja. Unaambiwa mbishi, mwepesi kuchoka, msumbufu wa vitu vidogo, unaangalia watu sana. Huyo "msumbufu wa vitu vidogo" ndo Balenciaga, mbunifu wa mavazi, mtoto wa fundi cherehani wa Getaria, kule Hispania, aliyekuwa anafumua mkono wa gauni lililokwisha kamilika na kuushona upya kwa sababu haujakaa sawa begani, na alikuwa mkimya mno, waandishi wa habari karibu hakuongea nao kabisa.

Halafu kuna wale wapole ambao wanadhani fani hii ni ya wenye kelele. Nyie naomba mumsome Eileen Gray taratibu. Dizaina wa samani na nyumba, kazaliwa Ireland 1878, akaishi Paris, akajifunza kazi ya laka kwa fundi wa Kijapani Seizo Sugawara, kazi ya kupaka tabaka juu ya tabaka na kusubiri ikauke, yani lazima uwe na subira. Mtu mwenye aibu, hakupenda kujitangaza, lakini alikuwa anaona wenzake wanavyokaa, wanavyolala, wanavyokula. Ile meza yake ya duara yenye mguu mmoja pembeni unaingiza chini ya kitanda, unapandisha na kushusha urefu, inasemekana aliifikiria kwa ajili ya dada yake aliyependa kupata kifungua kinywa kitandani. Nyumba yake ya E-1027 kusini mwa Ufaransa, iliyokamilika 1929, ameandika mpaka kwenye kuta na makabati kitu gani kinakaa wapi. Le Corbusier, msanifu majengo maarufu, akaja akachora picha kubwa kwenye zile kuta bila ruhusa yake, na kwa miaka mingi jina la Gray likasahaulika mpaka makala moja ya 1968 ikamrudisha, yeye akiwa na miaka 90. Inaniuma kila nikiisoma. Ukiwa mpole, kazi yako ianzie kwenye kuangalia, mteja akikupa logo ya saluni nenda ukakae pale nusu siku uone wateja wanaingiaje, ila jina lako liandike kwenye kila kazi na faili za michoro utunze mwenyewe.

Usichonacho kitafute kwa mwenzako. Ray Eames alikuwa mchoraji mwenye jicho la rangi, Charles alitoka kwenye usanifu majengo na alipenda mashine, wakaoana 1941, wakaanza kupinda plaiwudi ndani ya apatimenti yao Los Angeles, wakapata gango la mguu kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani kabla hata ya vile viti maarufu.

Na mwisho upime tabia yako, maana inaweza kumkanyaga mtumiaji. Dizaina Massimo Vignelli alipenda mpangilio kuliko kitu chochote, ramani yake ya treni za chini ya ardhi New York ya 1972 kila mstari umenyooka au umekata kona ya digrii 45, nzuri mno, lakini Central Park, ile bustani kubwa ya mji, ambayo kiukweli ni ndefu na nyembamba akaifanya mraba, maji akayapa rangi ya chai ya maziwa, watu wa mji wakalalamika na 1979 ikatolewa. Kwahiyo ukimaliza kazi mpe mtu asiyefanana na wewe kabisa, mwambie atafute kitu kimoja humo, wewe nyamaza uangalie kidole chake. Akipotea sehemu fulani, na wa pili naye akapotea hapohapo, badilisha hapo hata kama ndo sehemu unayoipenda kuliko zote, kwingine kote acha kama ulivyofanya.