Namna ya Kuukagua Mtaa Wako kwa Jicho la Afya Jijini Dodoma

Mkazi yeyote wa Dodoma, awe Majengo, Chang'ombe, Nkuhungu au Ilazo, anaweza kuukagua mtaa wake bila kumsubiri mtaalamu, mradi awe na daftari, kalamu na nia ya kuutembea kwa miguu nyakati tofauti.

Anza saa saba mchana, jua likiwa kali. Tembea hadi mahali wanapokwenda wengi, iwe shuleni, zahanati au kituo cha daladala, na uandike kila kipande cha njia kisicho na kivuli. Mwezi Oktoba jua la Dodoma hupita karibu utosini, kwa hiyo ukuta hautoi kivuli cha kumfaa mtu. Kinachofaa ni mti wenye matawi mapana. Jambo hili nalipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu mzee mwenye shinikizo la damu au mama mjamzito akikosa kivuli hukaa ndani, au hupanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika.

Palipo wazi, pendekezeni mwarobaini au mjohoro, ila msipande chini ya nyaya za umeme wala juu ya bomba la maji. Pandeni mvua zinapoanza, kwa kawaida Desemba, ili mche uwe umeshika mizizi kabla ya kiangazi kirefu, kisha mzungushie miiba kuzuia mbuzi. Kwa kumwagilia, chukua chupa ya plastiki, toboa kifuniko chake kwa sindano, kata kitako, uifukie kichwa chini kando ya mche na kuijaza asubuhi; maji yatashuka tone kwa tone kwenye mizizi badala ya kukaushwa na jua juu ya udongo. Kila mche ukabidhiwe kaya moja inayojulikana, kwa maana mche wa watu wote haufiki Agosti.

Vumbi likaguliwe kiangazi, upepo unapovuma. Andika mahali ambapo magari hulitimua karibu na milango, vibanda vya mama lishe na watoto wanaocheza. Chembe ndogo kabisa hupenya hadi ndani ya mapafu, na mwenye pumu ndiye huumia kwanza. Kunyunyiza maji kabla ya kufagia na kuacha kuchoma taka, hasa plastiki, ni hatua ambazo kila kaya inaweza kuzianza leo. Mwendo wa magari ni suala la mtaa mzima: dereva akipunguza mwendo, vumbi hupungua na mtoto anayevuka hupata nafasi ya kuonekana, hivyo tuta moja lililowekwa mahali pake hufanya kazi mbili.

Masika, rudi kwenye mitaro wiki moja baada ya mvua kubwa. Maji yaliyosimama kwa muda huo yanatosha kukuza mbu, na mara nyingi dawa yake ni kuzoa mchanga na mifuko iliyoziba karavati.

Ukimaliza, peleka orodha fupi kwa mtendaji wa mtaa na uombe ijadiliwe katika mkutano wa wakazi. Barabara za mitaani husimamiwa na TARURA na barabara kuu na TANROADS, kwa hiyo tenganisha maombi ili yasizungushwe kati ya ofisi mbili. Wakumbusheni pia viongozi kwamba mpango wa mwaka 1976 wa kuijenga Dodoma kuwa makao makuu ya nchi uliwapa watembea kwa miguu na mabasi nafasi ya mbele. Mkazi anayeomba njia ya miguu yenye miti anaomba kilichokusudiwa tangu mwanzo. Ambatisha picha zenye tarehe, zilizopigwa mahali palepale kiangazi na masika, kwani afisa aliyefika siku kavu hawezi kuliona dimbwi la Februari.