Somo: Mkate wa mashine unaoanguka katikati, unaogoma kuumuka na unaobaki na unga pembeni

Kila mara naulizwa: "Mashine yangu inatoa mkate mbaya, je, nimeuziwa mbovu?" Mara nyingi mashine ni nzima, vipimo ndivyo vibovu, hasa maji. Naandika yote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Chomeka pala la kukandia mpaka lishike vizuri. Likilegea, unga unabaki kwenye kona.

2. Mimina maji mililita 310 na mafuta vijiko viwili vya chakula. Kwenye joto la Dar, Tanga au Mombasa tumia maji baridi.

3. Pima unga wa ngano gramu 500 kwa mizani. Kikombe kilichoshindiliwa na kilichojazwa taratibu hupishana gramu 30 au zaidi. Usitumie unga uliokwisha kuchanganywa na beking pauda.

4. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai upande mmoja, sukari vijiko viwili vya chakula upande wa pili. Chimba kishimo juu ya unga, tia hamira ya punje kijiko kimoja na robo cha chai. Isiguse maji.

5. FUNGUA KIFUNIKO, TAZAMA DONGE. Hapa ndipo mkate unapoponea au kuharibika, na wengi hawapiti hapa kwa kuwa wameambiwa mashine haifunguliwi. Inafunguliwa, ila wakati wa kukanda tu. Hesabu dakika kumi tangu pala lianze kuzunguka, si tangu ubonyeze kitufe, maana mashine nyingine hukaa kimya karibu nusu saa kwanza. Donge zuri ni la mviringo, laini, limejikusanya na kuacha kuta safi, na ukiligusa linanata kidogo tu. Likiwa mapandemapande na mashine inagonga, ongeza maji kijiko kimoja cha chakula, subiri dakika mbili, tazama tena. Likitandaa chini kama uji mzito, ongeza unga kwa mwendo huohuo. Usiamue kabla ya dakika tano, kwani unga huchelewa kunywa maji, na atta (unga wa ngano usiokobolewa) huchelewa zaidi. Usitie mkono pala likizunguka. Tumia mwiko wa mpira pembeni. Kukanda kukiisha usiongeze chochote. Mkate ukianza kuumuka mara ya mwisho, usifungue tena.

6. Ukiiva, utoe mara moja. Ukiachwa ndani, mvuke unaulowesha chini. Uweke juu ya wavu, usikate kabla ya saa moja.

Ukianguka katikati: maji mengi, hamira nyingi au joto. Ukiwa mfupi na mzito: maji machache au hamira iliyokufa. Jaribu hamira kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu na kijiko cha chai cha sukari. Dakika kumi bila povu, itupe.

MASWALI

Swali: Dada mkate wangu mgumu, nifanyeje?
Jibu: Mgumu vipi, ganda au ndani? Ulipima unga kwa mizani au kwa kikombe? Ulitazama donge? Soma hatua ya 5, halafu rudi na majibu.

Swali: Mimi nimefuata kila kitu na umeanguka. Sikuweka chumvi tu, mzee ana presha.
Jibu: Basi hukufuata kila kitu. Chumvi ndiyo inayoizuia hamira isikimbie. Kwa ajili ya mzee ipunguze iwe nusu kijiko cha chai, punguza na hamira kwa robo, tumia maji ya friji. Mpe pole mzee.

Swali: Habari dada. Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa, kipimo kilekile sasa kinapanda mpaka kugusa kifuniko, halafu kinashuka. Si huku ndiko baridi?
Jibu: Swali zuri sana. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na huko mkandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani. Gesi ya hamira hutanuka kwa urahisi, donge linapanda kabla halijapata nguvu ya kujishika. Punguza hamira kwa robo. Huko juu unga pia huwa mkavu zaidi, kwa hiyo huenda donge likadai kijiko kimoja cha maji. Jaribu, utuambie.

Swali: Nimeletewa mashine kutoka Marekani, nichomeke tu?
Jibu: USICHOMEKE. Soma kibandiko cha chini. Ikiandikwa volti 120, umeme wetu utaiunguza. Tafuta transfoma inayobeba wati zake.

Swali: Umeme ukikatika katikati?
Jibu: Mashine nyingine hukumbuka dakika chache tu. Usirudie mwanzo. Toa donge, liweke kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, liumuke, kisha palia makaa: machache chini, mengi juu ya kifuniko.

Swali: Tui la nazi badala ya maji?
Jibu: Nusu tui jepesi, nusu maji, na mafuta punguza kijiko kimoja. Tia na iliki. Usilitegeshe kwa saa ya kuchelewesha (ile ya kuifanya mashine ianze baadaye) usiku kucha, tui litachacha.