Koki ya kumwagia oili: anza na jenereta, gari ngoja kwanza

Jenereta ninayoitunza imekaa juu ya zege, na kutoka bushoni ya oili (bolti inayoziba tundu la kumwagia) hadi chini ni vidole vinne vya mkono vilivyolazwa. Beseni haliingii. Miaka yote nilikuwa nakunja bati kama mfereji, nalisukuma chini ya karteri, lile bakuli la oili chini ya injini (wenzetu wa Nairobi wanaiita sampu), halafu nalala ubavu juu ya mawe na kufungua bushoni kwa spana. Mizunguko ya mwisho ndiyo mibaya. Oili ya moto inafuata kiganja mpaka kwenye kiwiko, bushoni inaponyoka na kuzama, na unabaki unaitafuta kwa vidole kwenye weusi kama mtu anayetafuta nyama ndani ya mchuzi unaochemka.

Jenereta hiyo ni ya chumba cha baridi cha samaki, hapa Goma. Umeme ukipotea kwa muda mrefu, inapiga kazi saa kumi kwa siku. Mashine nyingi za mazutu (dizeli) za namna hiyo zinataka vidanji, yaani kubadilisha oili, kila saa 250, kwa hiyo hesabu inafika kabla mwezi haujaisha. Mtu akilala kwenye mawe namna hiyo mara nyingi, anaanza kuahirisha. Leo nimechoka, wiki ijayo. Injini inakufa hivyo hivyo, kwa wiki ijayo.

Sasa natumia koki. Vijana wa garaji wanaiita robine. Ni kitu kidogo cha shaba nyeupe au ya njano kinachofungwa mahali pa bushoni na kubaki hapo moja kwa moja. Ndani kuna gololi yenye tundu. Ukigeuza mkono wake robo mzunguko, tundu linaelekea njia na oili inashuka. Ukirudisha, njia imefungwa. Inayojulikana zaidi ni Fumoto ya Japani, na siku hizi zipo nyingi za kuiga. Ukipewa ya kuiga, angalia jambo moja kabla ya bei: mkono lazima ukae kwenye pengo, na spring iushike humo, ili usigeuke mpaka uunyanyue kwanza kwa makusudi. Ukikuta unageuka hivi hivi kama wa bomba la maji, mrudishie mwenyewe.

Nunua yenye ncha ya kuvalisha mpira. Bila mpira faida inapungua nusu, maana oili itaanguka pale pale chini ilipokuwa ikianguka zamani. Nikivalisha mpira wa mita moja, bidoni (dumu) naiweka nje ya zege, mahali pa chini zaidi, na mimi nasimama.

Kipimo ndicho kinachowaangusha watu. Bushoni ina namba mbili, zote kwa milimita: unene wa hesi (sehemu yenye meno), na umbali kutoka jino moja hadi jingine. Toyota nyingi ni 12 kwa 1.25, Honda nyingi ni 14 kwa 1.5, lakini usiende sokoni na neno "Toyota" mdomoni. Nenda na bushoni yenyewe mfukoni, ile ya akiba, au fungua siku ya vidanji uipime. Kama muuzaji hana kipimio, mwombe nati ambayo namba yake inajulikana, uivalishe kwenye bushoni kwa vidole vitupu. Ikienda mpaka mwisho bila kulazimishwa, hiyo ndiyo namba. Ikikaza mzunguko wa pili, acha. Karteri ya alumini haisamehe: ukiingiza hesi isiyo yake kwa nguvu ya spana, umenunua karteri mpya.

Siku ya kufunga, washa injini dakika tano, uizime, umwage oili yote kwa njia ya zamani. Ni mara ya mwisho, vumilia. Kisha futa mdomo wa tundu kwa kitambaa, na hapa usifanye haraka. Pitisha ukucha kuzunguka tundu. Rondela ya zamani, ile pete bapa, mara nyingi hubaki imegandia kwenye karteri, imekuwa nyeusi kama karteri yenyewe, na jicho halioni. Ukucha unaona. Ukiiacha na kuweka koki yenye rondela yake, zitakuwa mbili, na mbili hazikai vizuri. Oili itapita katikati tone kwa tone.

Anza kufunga kwa vidole, koki ikiwa imenyooka, mpaka rondela iguse. Kabla ya kushika spana, tazama mambo mawili. Je, mwili wa koki unazunguka mzunguko mzima bila kugonga ukingo? Na ukishakaza, mkono utaangalia wapi? Huwezi kuchagua kwa uhakika, kwa sababu unaishia pale hesi inapokaza. Lakini ukiona utaishia kwenye chuma cha fremu ambapo hautafunguka, toa sasa. Vipo vipande vya kurefusha vinavyoisogeza koki mbali kidogo na karteri. Usikubali dawa ya "nitairudisha nyuma kidogo ikae vizuri". Koki iliyorudishwa nyuma ni koki iliyolegea.

Kukaza kwenyewe ni kidogo. Spana fupi, mkono mmoja, mpaka usikie rondela imebanwa, basi. Karatasi ya kwenye boksi ikitaja nguvu ya kukaza na una spana ya kupimia, fuata karatasi. Utepe wa mafundi wa bomba usiweke. Kinachozuia oili ni rondela, na kipande cha utepe kikikatikia ndani kitakwenda kuziba mahali usipopajua.

Sasa kosa langu mwenyewe, nilipe ada hadharani. Vidanji ya pili baada ya kufunga koki, nilikuwa na furaha ya mtu asiyechafuka. Oili ya zamani imeisha, filta nimebadilisha, nikachukua oili mpya na kuanza kumimina juu huku napiga hadithi. Lita mbili zilikuwa zimeshaingia, nikasikia kijana wangu: "Patro, mafuta iko natoka kule chini!" Mkono wa koki ulikuwa wazi. Oili mpya, ya rangi ya asali, ilikuwa inapita kwenye injini, inaingia kwenye mpira, inajichanganya na uchafu ndani ya bidoni. Bushoni haikufanyii hivyo, kwa sababu huwa umeishika mkononi na unajua bado hujairudisha. Tangu siku hiyo, kifuniko cha kumiminia oili kinakaa mfukoni mwangu pamoja na kipande cha waya. Kifuniko nakifungua tangu mwanzo, maana hewa ikiingia juu, oili inashuka haraka zaidi. Waya ni wa kufunga mkono wa koki usinyanyuke kwa mtikisiko. Simimini kitu juu kabla waya haujatoka mfukoni na kufungwa. Koki nyingine zinauzwa na kibano chao cha usalama. Waya wangu unafanya kazi hiyo hiyo.

Usishangae pia kwamba inamwaga polepole. Tundu la koki ni dogo kuliko tundu la bushoni, na oili baridi inakuja kama uji. Injini iwe vuguvugu. Na kidogo kitabaki ndani ya karteri, hasa kama mashine haijakaa sawa. Kwa jenereta naweka kibao upande wa pili ili iinamie koki.

Kwenye gari sasa. Mwenye chumba cha baridi ana Land Cruiser inayopanda milima ya Masisi, na alipoona koki kwenye jenereta akasema, "Niwekee na kwa gari." Nilikataa, na bado nakataa. Bushoni inatokeza nje kidogo tu, koki inatokeza zaidi, na mpira ukitoka bado ile ncha inaning'inia. Hapa kwetu lava ya volkano ya Nyiragongo, mwaka 2002, ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na mawe yake bado tunayakanyaga kila siku. Ni makali, na yanaruka chini ya gari. Jiwe moja likipiga koki, kinachopotea ni oili yote, na ukiwa mlimani hutaona taa nyekundu ya oili mapema.

Ukitaka kujua kama gari lako linafaa, chukua ubao ulionyooka, uuguse chini ya chuma cha chini kabisa mbele ya karteri na chuma cha chini kabisa nyuma yake. Koki ikibaki juu ya ubao, na ikaangalia nyuma au pembeni, unaweza kufikiria. Ikivuka ubao, hata kidogo, bakia na bushoni. Gari lenye bamba zima la kukinga injini ni habari nyingine, ilimradi bamba lina tundu la kupitisha mkono. Pikipiki usijisumbue: lita moja ya oili, bushoni iko wazi, koki ya nini?

Kitu kimoja nilikipoteza na nakikumbuka. Bushoni ya zamani ilikuwa na sumaku, na unga wa chuma juu yake ulinieleza hali ya injini. Koki haisemi. Kwa hiyo nakinga kikombe kidogo oili ikiwa katikati ya kushuka, naimwaga juu ya karatasi nyeupe juani na kutazama kama kuna kinachometameta. Na mara moja kwa mwaka naifungua koki yenyewe, natoa tope lililokaa chini, naweka rondela mpya.

Oili ya zamani usiimwage kwenye mawe. Mawe ya volkano yana matundu, yanameza kila kitu, na ziwa ambalo watu wanachota maji liko hapo chini. Mimi naifunga kwenye bidoni. Fundi mbao anakuja kuichukua ya kupaka nguzo.

Ukishajaza, washa injini dakika kumi, zima, pima kwa kijiti, kisha tandika kartoni safi chini ya koki na ulale. Asubuhi kartoni ikiwa kavu, naandika saa za mashine ukutani kwa chaki. Ikiwa na doa, hata la ukubwa wa sarafu, narudi kwa ukucha na ile rondela.